Ndosho: betri inalaumiwa, kumbe kosa ni pigo fupi

Mwisho wa Januari 2025, vita vilipofika Goma, umeme ulikatika mjini kwa siku kadhaa. Katika mtaa wa Ndosho, komini ya Karisimbi, sola iliweza kumsaidia aliyetaka kusikiliza redio au kuchaji telefoni. Kwa familia iliyotawanyika njiani, telefoni iliyozima ni mtoto asiyepatikana.

Ndiyo sababu regulateri ya sola ikianza kuzimazima, kila mtu hushikwa na haraka. Fundi husema betri imekufa, na mwenye nyumba ya kuchaji anatafuta deni ili anunue nyingine. Lakini betri inaweza kuwa nzima.

Regulateri nyingi za bei nafuu hulisha betri kwa mapigo ya umeme. Betri ikiwa na njaa, mapigo huwa mapana. Ikikaribia kujaa, huwa membamba. Chukua mapigo 100 kwa sekunde: kila zamu ni milisekunde 10, na pigo la milisekunde 5 maana yake umeme unapita nusu ya muda. Waya uliolegea unaweza kuingiza humo pigo la mikrosekunde chache, likachanganya chipu inayoongoza kazi yote. Multimeta hailioni, maana huonyesha wastani.

Osiloskopu inaweza kuliona, lakini ikiambiwa inase kila pigo, lile baya linapotea kati ya maelfu. Dawa ni kuiambia inase kwa upana. Kwanza fundi anapima pigo jembamba kabisa la kawaida. Kisha anachagua kunasa pigo lililo fupi kuliko hilo, anaweka kiwango katikati ya urefu wa pigo, na kuiacha isubiri mara moja tu. Mapigo mazuri yanapita bila kuguswa. Anatikisa waya mmoja baada ya mwingine. Picha ikinaswa alipogusa waya fulani, aanzie hapo kutafuta.

Osiloskopu haiko kwa kila fundi, ila mafundi watatu wanaweza kuchanga na kutumia moja kwa zamu. Naye mwenye betri, kabla ya kukopa, ana haki ya kuuliza: je, mapigo yamepimwa? Kukaza waya ni rahisi kuliko kununua betri, na pesa iliyobaki inanunua unga.