Gita la Jumamosi na gita la Jumapili



Katika mkutano wetu uliopita mmoja wenu aliuliza kama ni halali mtu kupiga gita la umeme katika baa Jumamosi usiku, kisha Jumapili asubuhi kulipiga kwenye Misa. Tulimjibu kwa maneno machache, tukasema kwamba hilo ni jambo la dhamiri, tukapita kwenye swali lingine. Jibu lile halikuwa la uongo, ila lilikuwa la woga. Tuna deni katika jambo hili, na deni lenyewe lina umri wa miaka 15. Leo tunataka kujibu kwa urefu.

Sisi watu wa Katanga hatuwezi kujifanya wageni wa gita. Zamani, kabla gita la umeme halijafika makanisani, gita kavu lilikuwa limeshaenea katika kambi za wafanyakazi wa migodi na wa reli, na watu walilipiga jioni nje ya nyumba zao, wakiimba kwa Kiswahili chetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake ya kurekodi, alimkuta mjini Jadotville, ambao leo ni Likasi, kijana mzaliwa wa Bunkeya aitwaye Jean Bosco Mwenda. Wimbo wake «Masanga» ulivuka mipaka ya nchi, na hadi leo wapiga gita wa mbali wanachunguza jinsi vidole vyake vilivyokwenda. Baba zetu walimwita Mwenda wa Bayeke, nao walimtaja kama mtu anavyomtaja ndugu yake aliyefaulu.

Sisi wenyewe tulianza tulipokuwa tukisoma pedagojia. Fedha ya kununua gita haikuwako. Mwenzetu mmoja alitengeneza moja kwa kopo la mafuta na ubao, akachambua nyuzi kutoka katika waya wa breki ya baiskeli, nasi tukajifunza kwa chombo hicho kilichokata vidole. Alama moja tunayo bado kwenye kidole cha shahada, na wanafunzi wetu hudhani tuliumizwa na chaki.

Kanisa nalo lilikuwa likitafuta njia yake. Mwaka 1958, huko Kamina, Padri Guido Haazen, Mfransisko, pamoja na korali yake, waliimba Misa Luba kwa sauti na kwa ngoma, gita halikuwamo. Desemba 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliisifu ogani ya mabomba, lakini ukaacha mlango wazi kwa vyombo vingine vinavyofaa, au vinavyoweza kufanywa vifae, kwa matumizi matakatifu. Hati ya mwaka 1967 juu ya muziki katika liturjia ikaongeza mambo mawili ambayo lazima yasomwe pamoja. La kwanza: vyombo ambavyo, kwa maoni na matumizi ya watu wote, vinafaa kwa muziki wa kidunia tu, vikatazwe kabisa. La pili: katika kupokea vyombo, utamaduni na desturi za kila taifa ziangaliwe. Mwaka 1988 Roma ikaidhinisha Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, na mwili mzima ukapewa nafasi ya kusali: makofi, hatua za kucheza, mzunguko wa altari wakati wa Utukufu.

Angalieni basi mahali tulipofikishwa na ile hati ya 1967. Yote yanategemea watu wanasikia nini wanaposikia gita. Mzee aliyelisikia kwanza katika baa ya kambi, anasikia bia. Mtoto aliyebebwa mgongoni mwa mama yake akiimba katika korali, anasikia Utukufu. Wote wawili wamekaa kwenye benchi moja, na wote wawili wana haki.

Tuwasimulie sasa yaliyotupata.

Gita letu la umeme lilinunuliwa kwa michango ya mashirika hai. Akina mama waliuza mihogo na samaki, vijana walifyatua matofali, na baada ya miezi mingi tulipata gita la solo lililokwisha kutumiwa, ampli moja na bafle mbili. Besi tuliazima. Katika muziki wetu, kama mnavyojua, kila gita lina kazi yake: akompanyema hushika mwendo chini, misolo hujaza nafasi iliyo katikati, solo husema neno juu. Sisi tulipiga akompanyema, kazi ya watu wenye subira na wasio na kipaji kikubwa. Solo alipewa kijana wa miaka 19 ambaye hakuna aliyemfundisha. Alikuwa akisikiliza redio, anafumba macho, kisha anapiga.

Gita kavu lina tumbo. La umeme halina. Kamba zake za chuma hutikisika juu ya sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba, na mtikisiko huo huwa umeme mdogo ambao ampli huukuza. Kwa hiyo nguvu ya gita la umeme haitoki katika mkono wa mpigaji. Inatoka katika kitufe. Mtoto anaweza kukizungusha kitufe hicho na kuifunika sauti ya watu 600. Jambo hili tulilielewa siku ya Pasaka moja. Korali ilifika mwisho wa Utukufu, kijana wetu akaingia katika sebene, sisi tukamfuata, besi akatufuata, watu wakacheza, na padri akabaki amesimama mbele ya altari, mikono amekunja, akingoja kusema sala. Alingoja sana. Baada ya Misa mama mmoja kipofu, aliyekuwa akianzisha nyimbo kabla hatujawa na chombo chochote, alitushika mkono akasema: «Mwalimu, leo mumetuimbia vizuri. Sisi hatukuimba.»

Tulicheka naye, tukamwahidi kupunguza. Hatukupunguza. Makosa hayo, wapendwa, yalikuwa yetu, tuliokuwa watu wazima wa kundi. Kijana alipiga jinsi tulivyomwacha apige.

Miezi michache baadaye ikasemwa kwamba msolo wetu anapiga katika baa kila Jumamosi. Ilikuwa kweli. Baba yake alikuwa amekufa, wadogo zake watatu walifukuzwa shuleni kwa ajili ya karo, na orkesta moja ya mtaa ilimlipa faranga chache kila usiku. Kamati ya korali ilikutana. Mmoja akasema alimwona kwa macho yake, mwingine akasema naye alimwona, mara mbili. Hakuna aliyewauliza wao walikuwa wamekaa wapi walipomwona.

Katika Injili ya Matayo Bwana anaagiza kwamba ndugu akikosa, kwanza umwendee wewe peke yako, mzungumze wawili. Tulikuwa tumefundisha sura hiyo kwa wakatekumeni wiki tatu tu zilizopita. Hakuna aliyemwendea. Tukaandika barua. Tunasema «tukaandika», lakini kwa kuwa mwandiko wetu ni mzuri, mwandiko wa mwalimu, kalamu ilikuwa mkononi mwetu. Barua ilisema: sisi, kamati, tumeamua. Sisi, kamati, tunaomba urudishe chombo. Hakuna jina la mtu ndani yake. Kila mmoja wetu alijificha nyuma ya lile neno «sisi», na mahali palitosha kwa wote.

Alikuja Ijumaa jioni. Gita alikuwa amelifunga katika kitambaa safi, na waya wake ameuzungusha vizuri kama mtu anayerudisha kitu cha mkubwa. Hakulalamika. Alipofika mlangoni mwa sakristia aligeuka akasema: «Mwalimu, kamba ya tatu inashuka. Muwaambie waiangalie kabla ya Misa.» Kisha akaenda.

Alikwenda kwanza katika kanisa moja la uamsho, ambako walimpokea kwa ampli kubwa kuliko yetu. Baadaye tulisikia yuko kwenye machimbo. Baadaye hatukusikia kitu. Mama yake aliendelea kuja Misa ya kwanza, na kila Jumapili alitusalimu kwa heshima. Heshima hiyo ilikuwa nzito kwetu kuliko matusi.

Mwaka jana tulimkuta kwenye kilio cha jirani. Alikuwa ameketi uani, usiku, na gita kavu mapajani, akiwashikia waombolezaji nyimbo zetu za zamani za kanisa, polepole, chini kabisa, hata uliweza kumsikia mzee wa mwisho mstarini akikosea maneno. Tulimngoja mpaka mapumziko. Tulimwambia tunataka kuomba msamaha kwa ajili ya ile barua. Akasema: «Barua ninayo bado, Mwalimu. Nimeisoma mara nyingi. Sijapata kujua ni ya nani.» Tukamjibu kwamba ni yetu, mkono ni wetu, na kwamba hata siku ile tulijua hatujamtendea haki. Alinyamaza. Mtu akaleta chai. Alikunywa, akaanza wimbo mwingine, na katikati ya wimbo, bila kututazama, akauliza: «Kamba ya tatu, walitengeneza?»

Hawakuwa wametengeneza. Kwa miaka 14 kila mpiga gita alikuwa akiikaza kabla ya Misa, na ilikuwa imeshuka wakati wa matoleo.

Jumatano iliyofuata alikuja na bisibisi. Kazi ilichukua dakika 10. Skrubu ndogo ya kifunguo ilikuwa imelegea, basi. Tangu hapo anakuja kila Jumatano, naye anawafundisha wawili kati yenu, mnaowajua. Jambo la kwanza alilowafundisha ni kupiga ampli ikiwa imezimwa, mpaka wasikie sauti za waimbaji. La pili ni kwamba wakati wa Kwaresima vyombo huruhusiwa kwa ajili ya kutegemeza sauti za waimbaji tu, isipokuwa Dominika ya Laetare na sikukuu zinazoangukia humo. Sheria hiyo sisi makatekista tulikuwa tukiijua, bali hatukuwahi kuitaja mbele ya wapiga gita, tuliogopa wangechukia.

Turudi kwa swali lenu. Hatusemi kwamba baa ni mahali pasipo hatari. Mpiga gita anayekuja Misani na harufu ya pombe, au anayepiga nyimbo za kuwadharau wanawake kisha awaongoze wanawake hao hao katika sala, anahitaji kuambiwa ukweli, tena na mtu anayempenda, wawili tu, mlango umefungwa. Lakini vidole vinavyolisha wadogo watatu Jumamosi havijawa najisi Jumapili. Kwa upande wetu, tunaona kosa kubwa zaidi katika ile Pasaka, tulipowanyang'anya watu sauti yao ndani ya kanisa lenyewe, kuliko katika usiku wowote wa kijana yule nje yake. Wengine katika kamati hawakubaliani nasi, na sababu zao si za kijinga: wanasema wadhaifu watakwazwa, nao wadhaifu wapo.

Kijana yule, ambaye sasa ni baba wa watoto wanne, bado anapiga na orkesta yake siku za Jumamosi. Ameomba kurudi katika korali, si kwenye solo, bali kwenye akompanyema, mahali petu, kwa kuwa vidole vyetu vimeanza kukaza. Padri paroko ameiachia kamati jambo hilo. Kamati itakutana Alhamisi ya kwanza ya mwezi ujao, baada ya Misa ya jioni, katika chumba kilicho nyuma ya sakristia. Tutasema tuliyoyaandika hapa, na safari hii tutayasema kwa jina letu. Vijana wanaotaka kusikiliza waje, mabenchi yapo.