Roki, saratani na harambee: usiku mmoja Royal Albert Hall

Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi si mtu wa matamasha. Jumapili usiku kwa kawaida utanipata mbele ya tarakilishi nikimsaka mdudu ambaye mteja ameapa kwamba yumo ndani ya programu. Lakini Machi 2024 nilikuwa London kwa kazi ya wiki tatu, na mwenzangu wa ofisini alikuwa na tikiti moja ya ziada. Tamasha la roki, akasema, la kuchangia vijana wenye saratani. Nikauliza ni nani watakaoimba.

Akaanza kutaja: Roger Daltrey na Pete Townshend wa The Who, Robert Plant aliyekuwa wa Led Zeppelin, Eddie Vedder wa Pearl Jam, Paul Weller, Kelly Jones wa Stereophonics. Kwa msomaji asiyefuata roki, ni kama mtu awakusanye wakongwe wote wa zilizopendwa jukwaa moja, usiku mmoja. Tikiti nikaichukua.

Tuanze na ukumbi, maana hapo ndipo akili yangu ya kompyuta iliamka. Royal Albert Hall ulifunguliwa mwaka 1871. Ni wa umbo la yai, na juu yake kuna kuba kubwa la kioo na chuma. Huingiza watu zaidi ya 5,000. Tatizo lake tangu siku ya kwanza lilikuwa mwangwi. Sauti ilipanda hadi kwenye kuba na kurudi ikiwa imechelewa, hata Waingereza wakawa na utani kwamba hapo mtunzi husikia kazi yake mara mbili kwa bei ya moja. Mwaka 1969 walitundika visahani vikubwa vya nyuzi za kioo chini ya kuba ili kuivunja sauti. Bado vipo, na watu huviita uyoga. Ukiinua macho unavielewa mara moja.

Miaka ya karibuni wakaongeza mamia ya spika ndogo kuuzunguka ukumbi. Utamu wake ni huu. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mtu aliyeketi mita 34 kutoka jukwaani huisikia gitaa baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Lakini umeme kwenye waya hufika papo hapo. Kwa hiyo spika iliyo karibu naye ikipiga bila kusubiri, atasikia vitu viwili. Dawa yake ni programu inayoichelewesha kila spika kwa kipimo chake, ili sauti ya spika na ile ya jukwaani zifike sikioni pamoja. Nilikuwa juu kabisa, viti vya bei nafuu, na nilisikia kila neno. Programu nzuri ndiyo ile usiyojua kwamba ipo :-)

Sasa tuje kwenye pesa. Tamasha hili huandaliwa kwa ajili ya Teenage Cancer Trust, shirika linalojenga wodi za vijana wa miaka 13 hadi 24 ndani ya hospitali za umma za Uingereza. Wodi ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1990 katika Middlesex Hospital, London. Leo zimepita 25, na shirika hulipia pia wauguzi waliosomea kazi hiyo. Daltrey alianza kuwakusanya wanamuziki hapo Royal Albert Hall mwaka 2000, na matamasha hayo yameingiza zaidi ya pauni milioni 30. Usiku niliokwenda, tarehe 24 Machi, ndio uliofunga miaka yake ya kuyaandaa kila mwaka. Mwaka 2025 alipewa cheo cha Sir kwa ajili ya muziki na kazi hiyo ya hisani.

Kwa nini wodi ya vijana? Kijana wa miaka 16 akilazwa na watoto, ukutani kuna picha za vikaragosi na miguu inaning'inia nje ya kitanda. Akilazwa na watu wazima, majirani zake ni wazee wa miaka 70. Hana wa kuzungumza naye kuhusu shule, mpira, wala nywele zinazodondoka. Katikati ya tamasha vijana waliopitia matibabu walipanda jukwaani. Ukumbi uliokuwa ukipiga kelele dakika chache kabla ulinyamaza kabisa.

Hapo nikamkumbuka mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo. Mwaka 2019 alikuwa na miaka 17, na saratani ya mfupa wa goti. Alilazwa wodi ya wanaume wazima. Kitanda cha kushoto mzee, kitanda cha kulia mzee. Yule wa kulia alifariki usiku, na kijana alilala macho hadi asubuhi karibu na kitanda kilichofunikwa. Sisi nyumbani tulikuwa tunafanya kile Wakenya wanachokijua: kundi la WhatsApp, nambari ya M-Pesa, orodha ya majina na kiasi, "Mungu awabariki, tumebakisha elfu arobaini." Nilikuwa mweka hazina. Tulilipia kemo, tukalipia upasuaji. Mwaka uliofuata tulilipia jeneza kutoka orodha ileile, kisha kundi likanyamaza.

Siwezi kulinganisha moja kwa moja. Kule mgonjwa halipi bili ya kemo, serikali imeshalipa. Tamasha linachangia yale yaliyobaki. Kwetu harambee ndiyo dawa yenyewe. Ukiiondoa, mtu anarudi nyumbani. Sitaki msomaji adhani naidharau.

Lakini kwa macho ya mwandishi wa programu, tofauti moja inauma. Harambee yetu ni kiraka. Mdudu katokea, tumeziba, tumefunga faili. Familia ya kitanda kinachofuata inaanza upya, orodha tupu, mweka hazina mpya. Daltrey na wenzake walikuwa wakichangia vijana ambao hawajaugua bado, wengine hawajazaliwa. Waliandika kitu mara moja, na kila mwaka wakakiongezea.

Wimbo wa mwisho ulikuwa "Baba O'Riley" wa mwaka 1971. (Mkenya akisikia Baba anadhani siasa. Huyu ni Meher Baba, mwalimu wa kiroho wa Townshend.) Ule mlio wa mwanzo unaozunguka, ambao wengi hudhani ni sinthesaiza, ulitoka kwenye kinanda cha nyumbani cha Lowrey chenye kitufe cha kurudiarudia noti. Wote walikuwa jukwaani, wengi wao wazee sasa, na ukumbi mzima umesimama. Nami nilisimama.

Niliporudi Nairobi nililifufua lile kundi. Nilipendekeza shilingi 300 kwa mwezi, za nauli ya vijana wanaotoka mbali kuja kupata mionzi na kemo, kwa sababu wengi huacha matibabu kwa kukosa nauli, si dawa. Mama mdogo alinipigia jioni hiyo. "Mwanangu, watu walimchangia mtoto wangu kwa sababu walimjua. Huyo usiyemjua, nani atamtolea?"

Swali lake ni la haki. Mtu hutoa akiona uso. Ndiyo maana wale vijana hupandishwa jukwaani, na ndiyo maana wanamuziki huitwa. Sisi hatuna Robert Plant. Kundi lilikuwa na watu 62. Waliobaki wakichanga ni 11, na mmoja wao ni mama mdogo mwenyewe, ambaye hutuma tarehe mosi kabla yangu. Mwaka jana tulilipia nauli za vijana wanne kwa miezi yote ya matibabu yao. Wawili kati yao sijawahi kuwaona.