Gatini Mokowe

Atokaye bara kuelekea Kisiwa cha Lamu husita Mokowe, ambako malori hukoma na bahari huanza. Hapo simenti, vigae na majokofu hushushwa, hupakiwa mashuani, na ng'ambo hupokewa na punda, kwani vichochoro vya Mji wa Kale havipitishi gari.

Tulisimama kuwatazama mahamali. Mikanda ya plastiki iliyobanwa kiwandani haikukusudiwa safari hii: mzigo ukibonyea hulegea, na jua la siku nyingi huikausha hata ikakatika. Basi wao huzidisha kamba juu yake, na penye ncha kali hutia kipande cha boksi ili kamba isikatwe wala kigae kisimeguke. Kizito hulazwa chini, katikati. Mmoja alimwambia mwenziwe, "Kaza, mna roho za watu humu." Khutba fupi kuliko hiyo hatujaisikia.

Maana shehena ikiteleza upande, mashua hulala, na mara nyingine abiria wameketi papo hapo. Wenye maduka wanaopiga simu kuhimiza, twawaomba wawaachie mahamali nusu saa yao ya kufunga.