Chisenga: Maji Ndiyo Yachaguayo Chombo

Barabara itokayo Mansa, makao makuu ya jimbo la Luapula nchini Zambia, huelekea kaskazini ikifuata bonde la mto Luapula. Msafiri hupita Mwansabombwe, makao ya Mwata Kazembe, mtawala wa Walunda, ambako kila mwaka katika mwezi wa Julai husherehekewa sikukuu ya Mutomboko. Kando ya njia huona mihogo iliyoanikwa juani, mikungu ya ndizi, na baiskeli zilizosheheni mafungu ya samaki wakavu. Hatimaye hufika Nchelenge, na hapo ardhi humwishia ghafla. Mbele yake ni ziwa Mweru, jeupe asubuhi na la rangi ya risasi jioni.

Ziwa hili lina urefu wa kilometa 131, na eneo lake hupita kilometa za mraba 5,000. Upande wa mashariki ni Zambia, upande wa magharibi ni Kongo, na mpaka hupita majini, mahali pasipo ukuta wala seng'enge. Daktari Livingstone alilifikia tarehe 8 Novemba 1867, lakini alipoingia katika nchi ya Kazembe aliwakuta wafanyabiashara wa kutoka pwani yetu wamekwisha kuzoea njia zake. Hata leo, katika masoko ya ng'ambo, huko Pweto na Kilwa ya Kongo, Kiswahili husikika kila siku.

Kusini mwa ziwa, karibu na mahali Luapula umwagapo maji yake, ndipo kilipo kisiwa cha Chisenga. Asiyekijua hudhani kisiwa ni mwamba uliosimama peke yake katikati ya mawimbi. Chisenga sicho hivyo. Ni nchi kavu iliyozungukwa na mafunjo, matete, vidimbwi na mifereji ambayo leo hupitika na kesho huzibwa na majani yanayoelea. Mvua za Novemba hadi Aprili zikisha kunyesha, mto hufura na mbuga zote huwa maji. Kiangazi kikiingia, maji hurudi nyuma, na njia iliyobeba mashua kubwa mwezi wa Mei hubakia tope la kupita mitumbwi tu. Wenyeji huishi kwa uvuvi na mihogo, na chombo kwao ni kama baiskeli au gari kwa watu wa bara. Kwa Kibemba huuita mtumbwi ubwato, na mtoto hujifunza kuuongoza mapema sana.

Kwa hiyo si ajabu kwamba katika nyumba nyingi za pwani hiyo mazungumzo ya jioni hurejea kwenye jambo moja, nalo ni chombo gani kinunuliwe. Achukuliwe kwa mfano baba mmoja, mtumishi wa Serikali aliyehamishiwa Nchelenge pamoja na mke na watoto wanne. Mfano huu si wa nyumba moja, ni wa nyumba nyingi. Ana akiba ya miaka mingi. Mama yake mkwe anakaa Chisenga, na kila likizo jamaa yote huvuka kwenda kumwamkia, wakibanwa katika mashua za abiria kati ya magunia na madebe. Siku moja baba huyo anaonyeshwa katika simu picha ya mashua ya michezo iendayo kwa nguvu ya jeti. Ni nyeupe kama yai, ina viti vya ngozi, na nyuma yake maji yameruka kama mkia wa jogoo. Muuzaji anasema, "Hii haina panga nyuma. Hupita hata penye maji ya kifundo cha mguu." Baba anaikumbuka mifereji ya Chisenga, na usiku huo hapati usingizi.

Neno la muuzaji lina asili ya kweli, na ni haki kulieleza. Mashua ya jeti ya namna hii ilikuzwa huko New Zealand na Bill Hamilton, mfugaji na fundi aliyeishi katika nchi ya mito yenye kokoto na maji haba. Mnamo mwaka 1954 alifaulu kuendesha mashua isiyokuwa na rafadha ya kugonga mawe. Mwaka 1960 mashua zake ziliupanda mto Colorado wa Marekani, kinyume cha maporomoko yake. Tena, kati ya 1974 na 1975, msafara wa Waingereza ulioongozwa na John Blashford-Snell uliushuka mto uliokuwa ukiitwa Zaire ukiwa na mashua za jeti. Mto huo ndio unywao maji ya Mweru, kwani Luvua hutoka ziwani karibu na Pweto na kuungana na Lualaba huko Ankoro. Chombo hiki, basi, si mgeni kabisa katika maji ya sehemu hizi.

Namna kinavyofanya kazi si fumbo. Chini ya mashua pana tundu lenye chujio la vyuma. Injini huzungusha panga lililofichwa ndani ya bomba, likavuta maji kwa tundu hilo na kuyasukuma nje kwa nguvu kupitia mdomo mwembamba ulioko nyuma. Mdomo ukielekezwa kushoto, mashua hupinda kushoto. Ukielekezwa kulia, hupinda kulia. Kurudi nyuma, kikombe cha chuma hushushwa mbele ya mdomo na kuyageuza maji. Faida yake kubwa kwa jamaa ni kwamba hakuna panga lililo wazi la kumkata mtoto aogeleaye karibu.

Baba yule, akiwa na elimu hiyo ya nusu, anavuka kwenda Chisenga kumwamkia mkwewe na kutafuta shauri. Pale gatini, chini ya mti, anamkuta mzee mvuvi akishona wavu. Baada ya salamu na kuulizana hali za nyumbani, anamwonyesha ile picha.

Mzee anaitazama kwa muda mrefu. Kisha anauliza, "Mwanangu, hicho chombo hunywa maji kwa mdomo upi?"

"Kwa chini, mzee."

"Na majani haya yote yatapita wapi?"

Swali hilo moja lina uzito kuliko sifa zote za muuzaji. Mito ya Hamilton ilikuwa na kokoto na maji maangavu. Njia ya Chisenga ina mizizi ya mafunjo, magugu, na nyavu zilizotegwa tangu jioni. Tundu livutalo maji huvuta na vitu hivyo vyote. Chujio likizibwa, injini hunguruma lakini mashua haiendi, na mtu hulazimika kuizima kabisa kabla ya kupeleka mkono kuling'oa lile fundo, katika maji yenye mamba na viboko. Wavu uliomezwa ni hasara mara mbili, maana mashua imekwama na mvuvi amepoteza riziki ya watoto wake.

Hata lile neno la maji ya kifundo cha mguu lataka kufafanuliwa. Mashua ya jeti ikiwa imeshika kasi huinuka na kuteleza juu ya maji haba. Lakini inapoanza kuondoka, au inapokwenda polepole ikiwa imejaa watu, huzama zaidi na kufyonza tope na mchanga. Watengenezaji wa vyombo vidogo vya jeti huonya kwamba pawe na kina cha sentimita 90 hivi chini yake kabla ya kuwasha injini. Basi pale gatini Chisenga wakati wa kiangazi, mahali hasa ambapo jamaa hupanda na kushuka, ndipo chombo hiki kilipo dhaifu.

Liko jambo la tatu, nalo ni zito kuliko yote, hasa kwa mwenye kubeba watoto. Mashua ya jeti, kwa kawaida, huongozwa na yale maji yatokayo nyuma. Dereva akiachia mafuta, maji hupungua, na pamoja nayo uongozi. Ni maumbile ya binadamu kwamba aonapo hatari mbele huondoa nguvu upesi. Dereva asiyefundishwa, akiona mtumbwi umetokeza ghafla katika mafunjo, ataachia mafuta na kuzungusha usukani, na mashua itaendelea moja kwa moja kwenda kuugonga. Wahenga walisema, chombo cha kuzama hakina usukani. Walisema hivyo kwa maana ya kudra, lakini hapa ni maelezo ya mashine. Ndiyo sababu baadhi ya vyombo vipya vimeongezwa mabawa ya kusaidia kupinda, na ndiyo sababu mwanafunzi hufundishwa kwanza kwamba ili aepuke lazima aendelee kutia mafuta kidogo. Askari ataelewa haraka, kwani hakabidhiwi silaha kabla ya mkono wake kufundishwa kupingana na woga wake. Aidha, mtu asikae wala kuogelea nyuma ya ule mdomo injini iwakapo, kwa kuwa maji hayo yana nguvu ya kuumiza mwili ndani. Na nywele ndefu au nguo zinazoning'inia zisikaribie tundu la kuvutia.

Baba anarudi Nchelenge akiwa mnyonge kidogo. Mkewe, ambaye amekuwa akisikiliza tu, anatoa daftari ya matumizi ya nyumba.

"Baba watoto," anasema, "mashua yenyewe tumekwisha ijadili. Sasa nieleze petroli."

Injini za michezo zina kiu. Ikichukuliwa kuwa moja inatumia lita 40 kwa saa ikienda kasi, safari ya nusu saa kwenda na nusu saa kurudi humaliza lita 40, na mafuta hayo yameletwa kwa lori kutoka mbali. Kipuri cha bomba la jeti hakipatikani dukani Kashikishi. Lazima kiagizwe, na hadi kifike mashua hubaki imelala mchangani. Injini ya kawaida ya kufungwa nyuma ya mashua, yenye rafadha, mafundi wengi wa pwani huifahamu. Huweza kuinuliwa kwa mkono panapokuwa na magugu, uzi wa wavu ukakatwa, na safari ikaendelea. Injini ikikataa kabisa, mashua nyembamba husukumwa kwa upondo au kwa makasia. Mashua nzito ya viti vya ngozi haina upondo wa kuitosha.

Mama huyo anaendelea na swali lake la mwisho. "Mtoto akishikwa na homa usiku tukiwa kwa bibi yake, ni kipi kitakachotufikisha?" Hapo ndipo kiini cha shauri lote. Malaria ni adui wa kila siku katika wilaya hiyo, na hospitali kubwa ya Mtakatifu Paulo iko bara, Kashikishi. Kwa mwenye mgonjwa kisiwani, ubora wa chombo ni kufika. Kasi ina thamani, lakini kasi iliyokwama katika mafunjo saa nane ya usiku haina thamani yoyote.

Yapo maji ambayo mashua ya jeti huyafaa. Penye ziwa la wazi na safi, gati lenye kina, fundi wa karibu na mfuko wa kutosha, ni chombo cha raha na kwa waogeleaji kina usalama wake. Lakini anayetaka kununua, popote alipo, na ajibu kwanza maswali haya. Maji ya njia yake yana nini ndani yake wakati wa masika na wakati wa kiangazi? Nani atakitengeneza? Mafuta ya mwezi ni kiasi gani? Nani atafundishwa kukiendesha? Kimeandikishwa kubeba watu wangapi, na je, kimesajiliwa kama sheria itakavyo? Katika ziwa la mpaka, chombo kiendacho mbio usiku bila taa wala hati humtia mashaka askari wa doria, na ana haki ya kukisimamisha.

Kisha, kabla ya injini yoyote, zinunuliwe jaketi za kuokolea, moja kwa kila kichwa, na za watoto ziwe za kipimo chao. Zivaliwe, zisikaliwe kama mito. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu kabisa na Ukara, katika ziwa Viktoria, kikiwa kimejaza watu kupita kiasi, na zaidi ya watu 200 wakafa hali nchi kavu inaonekana. Ukaribu wa pwani haumwokoi asiyejitayarisha.

Katika mfano huu, baba ananunua mashua ndefu ya kawaida, yenye injini ya kiasi ya kufungwa nyuma, jaketi sita, makasia mawili, upondo, taa na kopo la kuchotea maji. Fedha inayosalia inarudi katika daftari ya mama. Likizo inapofika wanaondoka asubuhi mapema, kabla upepo wa kusini-mashariki haujaamka. Mafunjo yanapoanza kusongana, baba anazima injini na kuiinua, na mwanawe mkubwa anasimama mbele na upondo. Kimya kinatanda, isipokuwa sauti ya ndege na maji yakigonga ubavu wa mashua. Kutoka gatini yule mzee anawaona, anaweka wavu wake chini, na kuwaita kwa neno ambalo watu wa huko humpokelea kila afikaye salama: "Mwaiseni!" Karibuni.