Moto Unaoruka Shambani

Likizo iliyopita tulipangiwa, mafrateri watatu, kigango kimoja cha wilaya ya Karatu, upande wa kuteremkia Mang'ola. Jioni ya pili, baada ya sala ya jumuiya, vijana walitueleza kuwa wakipita usiku na tochi za simu huona moto mwekundu unaruka katika shamba la bibi mmoja mjane, na kwamba wanajua moto huo ni wa nani. Tulinyamaza. Tulikuwa wageni, tumekula ugali wao, hatukutaka kubishana. Tunaliandika hili kwanza kwa sababu ndilo linalotuuma mpaka leo.

Usiku uliofuata tulikwenda shambani na katekista. Tochi ilikuta macho yakidunda kati ya mahindi, naye akacheka: "Kamendegere huyo!" Ni mnyama wa usiku, miguu ya nyuma kama ya kangaruu, mkia mrefu wenye ncha nyeusi. Hata nyanda za Ngorongoro wapo. Macho yake hurudisha mwanga wa tochi, basi.

Tungeishia hapo. Lakini mmoja wetu alikuwa amesoma kwamba mwaka 2021 watafiti wa Marekani waliandika katika jarida la Scientific Reports kuwa manyoya ya kamendegere hung'aa rangi ya waridi na machungwa yakipigwa na miale ya urujuanimno, kwa sababu ya kemikali ziitwazo pofirini. Asubuhi mbwa walikuwa wamemuua mmoja. Tukaazima dukani tochi ndogo ya kukagua noti bandia, tukawaita vijana kwenye chumba chenye giza.

Manyoya yakawaka mabaka mabaka. Vijana wakarudi nyuma hadi ukutani. "Si mnaona, frateri? Moto ule ule!"

Tulikuja kumtetea bibi, tukawa mashahidi wa kumshtaki.

Katekista akatunyang'anya tochi, akaielekeza kwenye kanzu zetu nyeupe zilizofuliwa kwa sabuni ya unga. Zikang'aa buluu. Akamulika meno ya vijana wenyewe, kisha noti ya elfu kumi. Akaizima: giza tupu, mnyama hana moto wowote. "Haya, mchawi ni nani humu?" Mmoja alicheka. Wengine hawakucheka.

Jumapili, baada ya ibada, wawili kati yao walikubali kwenda nasi kwa bibi. Tulimwamkia, akatupa vigoda na chai. Akasikiliza habari zote za pofirini kwa upole, kisha akauliza kama seminarini tunafundishwa pia namna ya kumzuia kamendegere asimmalizie mahindi.