Sauti Niliyoisoma Kabla ya Kuisikia

Siti binti Saad nilimsoma kabla ya kumsikia, na kati ya kumsoma na kumsikia ilipita miaka kumi na zaidi. Kitabu kilikuwa *Wasifu wa Siti binti Saad* cha Shaaban Robert. Jalada lilikuwa limechanika na kurasa za mwanzo zimegeuka rangi ya chai. Mwalimu wetu wa Kiswahili alinikabidhi siku ya kufunga shule, akaniambia, "Kasome nyumbani, lakini usikilaze karibu na moto." Nikakibeba hadi Mwandoya ndani ya mfuko wa michembe, nikakisoma usiku kwa mwanga wa koroboi, wadogo zangu wamelala pembeni.

Sisi watoto wa Mwandoya Kiswahili chetu kilikuwa cha darasani. Nyumbani tulizungumza Kisukuma, tukachunga kwa Kisukuma, na tulipogombana tuligombana kwa Kisukuma. Unguja ilikuwa nukta kwenye ramani iliyoning'inia ukutani. Bahari sikuwa nimeiona. Maji mengi kuliko yote niliyoyajua yalikuwa ya lambo mwezi wa Aprili, kabla jua halijayanyonya. Na sasa nilikuwa nasoma habari za binti aliyezaliwa Fumba mwaka 1880, akaitwa Mtumwa, akatembeza vyungu akivinadi kwa sauti, akahamia mjini mwaka 1911, akawa mwimbaji wa taarabu aliyeitwa hadi kwenye majumba ya wakubwa.

Ukisoma habari za mwimbaji ambaye hujawahi kumsikia, huna budi kumtafutia sauti. Mimi nilimpa ya bibi yangu mzaa baba.

Bibi alikuwa ningi. Kwa Kisukuma ningi ndiye anayetunga na kuongoza, na wengine humwitikia. Januari na Februari, palizi ya pamba ilipokuwa imepamba moto, wanawake wa mji wetu na wa majirani walilima pamoja, shamba la huyu leo, la yule kesho. Bibi alitangulia hatua mbili mbele ya mstari, akaachia neno. Majembe yakashuka. Kisha wote wakaitika, mama yangu akiwa kati yao, na majembe yakapanda. Sauti ya bibi haikuwa tamu. Ilikuwa pana, yenye mchanga ndani yake, na ilifika hadi kwetu tuliokuwa na ng'ombe upande wa pili wa mbuga. Ndiyo niliyomvisha Siti. Kila Shaaban Robert aliposema Siti aliimba, mimi nilisikia jembe likishuka.

Redio ya baba haikunisaidia. Tuliisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam jioni, na muziki uliojaa humo ulikuwa wa bendi: NUTA Jazz, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Vijana Jazz. Kwetu neno "jazz" lilikuwa na maana ya magitaa ya umeme, matarumbeta na watu wanaocheza. Kwamba jazi ni muziki ulioanza kwa Wamarekani Weusi wa New Orleans, na kwamba huko ni kitu kingine kabisa, nilikuja kulijua ukubwani. Usiku mmoja nilimuuliza baba kwa nini Siti hapigwi. Alifikiri kidogo, akasema, "Huyo ni wa santuri, mwanangu. Santuri zimeondoka na wenyewe."

Nilimsikia mwishoni mwa miaka ya tisini. Rafiki yangu wa chuoni alikuwa anaoa Unguja, na siku ya pili yake babu yake alinipokea barazani kwake mtaa wa Ng'ambo, akatoa kaseti iliyonakiliwa kutoka kwenye santuri za 1928. Nilikuwa nimesubiri tangu enzi za koroboi. Kaseti ikaanza: mkwaruzo, mkwaruzo, kisha udi mwembamba, kisha sauti ya juu, nyembamba, ya mbali, kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto wakati wa mvua. Ikadumu kama dakika tatu, ikakatika.

Moyo uliniporomoka, na mzee aliuona uso wangu.

"Umemkosa," akasema.

"Nimemsikia, mzee. Ila nilidhani sauti yake ni nzito."

"Mwanangu, unausikiliza mkwaruzo. Yeye yuko nyuma yake." Kisha, kama aliyekumbuka nilikotoka, akaongeza: "Na babaake asili yake Mnyamwezi wa Tabora, mama Mzigua. Nyinyi Wasukuma na Wanyamwezi si ndugu?"

Neno hilo lilinikaa kuliko kaseti. Wazazi wake walizaliwa Unguja, lakini damu ya upande mmoja ilitoka bara, ilikotoka mizigo, pembe na watumwa, njia ileile ya Tabora kwenda Bagamoyo. Nilirudi bara nikiwa na nakala ya kaseti mkobani, na sikuipiga. Miaka ilipita nisiipige. Najuta, lakini ndivyo ilivyokuwa: nilikuwa na Siti wawili, wa kitabuni mwenye sauti ya bibi, na wa kwenye kaseti ambaye sikuweza kumfikia.

Bi Kidude alinisogeza kidogo. Usiku mmoja wa tamasha la Sauti za Busara, ndani ya Ngome Kongwe, nilimwona yule mama mkongwe akiimba nyimbo za Siti, sauti imepasuka, mwili mdogo, hadhira yote imesimama. Huyo angalau alikuwa na mchanga kooni. Alifariki mwaka 2013, nami nikaamini kwamba uzi umekatika.

Ndipo ikaja albamu ya 2020.

Machi mwaka ule shule zilifungwa kwa sababu ya korona, nami nikarudi Mwandoya kukaa na mama. Mpwa wangu aliyeko Dar es Salaam akanitumia wimbo kwa simu. Mtandao kwetu ulikuwa ukishika vizuri kwenye kile kimwinuko nyuma ya zizi, basi nikapanda huko jioni, nikakaa chini ya mgunga, nikaweka visikilizio masikioni. Albamu inaitwa *Siti of Unguja*. Mwimbaji ni Siti Muharam, kitukuu wa Siti binti Saad. Muziki umeongozwa na Mohamed Issa Matona, fundi wa udi na fidla, na waliotoa ni On the Corner Records ya London.

Kilichoanza kuniingia kilikuwa besi. Ilitembea chini, polepole, bila haraka ya kufika. Juu yake udi, kanuni ikidondosha matone, na katikati klarineti nzito ya wapigaji wa jazi, ile inayotoa pumzi kabla ya noti. Halafu nafasi. Sauti zilipewa mahali pa kukaa, nyingine zikirudi kwa mwangwi wa studio, na mwimbaji aliingia alipotaka, si pale saa ilipomlazimisha.

Hapo ndipo nilipoielewa ile kaseti ya Ng'ambo. Santuri ya zamani ilizunguka mara 78 kwa dakika, na upande mmoja ulibeba takriban dakika tatu tu. Siti na wenzake, akina Maalim Shaaban, Subeit bin Ambar, Mbaruku na Budda bin Swedi, walikuwa wakiimba nyumbani kwake Ng'ambo usiku kucha, watu wakiongeza beti, wakicheka, wakilia. Kisha wakapanda meli kwenda Bombay kurekodi, wakasimamishwa mbele ya chombo, usiku wote ukakunjwa ndani ya dakika tatu. Kile nilichokiona chembamba hakikuwa Siti. Kilikuwa tundu la ufunguo, na mimi nilikuwa nimeulaumu mlango.

Wapo waliolalamika kwamba taarabu haichanganywi na jazi. Nawaheshimu wanaoipenda taarabu kiasi cha kuionea wivu, lakini hapa siko nao. Taarabu iliingia Unguja kutoka Misri kwa ajili ya Sultani Barghash, ikaimbwa kwa Kiarabu ndani ya kasri. Aliyeifanya iongee Kiswahili cha Ng'ambo, na akaitia habari za mahakama, za wanaume waongo na za wanawake wanaoonewa, ni huyuhuyu muuza vyungu. Yeye ndiye aliyechanganya kwanza. Miles Davis alipotia vinanda vya umeme ndani ya jazi mwishoni mwa miaka ya sitini watu wake walisema ameiua. Mulatu Astatke wa Ethiopia aliutia muziki wa kwao ndani ya jazi, na leo Addis Ababa inajivunia. Kama kitukuu angeiga noti kwa noti, mkwaruzo na wote, angekuwa amemwachia bibi yake kaburi safi na hakuna zaidi.

Na hakuiga. Sauti yake ni ya chini zaidi, laini, haipandi kule juu alikopanda Siti. Mahali pengine mwangwi wa studio umezidi, maneno yanazama, na kwa nyimbo zilizoishi kwa maneno hilo ni hasara ya kweli. Lakini nilipoisikia Kijiti, nilizima simu nikakaa gizani. Wimbo ule ni wa kesi ya kweli: mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam aliuawa Unguja, mshukiwa akatorokea bara, na waliotiwa hatiani ni wanawake waliomkaribisha marehemu na kusimama kutoa ushahidi. Kwenye kaseti nilikuwa nimeupita wimbo huo kama kelele. Sasa, besi ikiwa imenishika mguu, sikuweza kuupita. Mshukiwa alikimbilia bara, yaani huku. Huku kwetu wanawake wazee wameuawa kwa mapanga, wakiitwa wachawi, kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kinyesi cha ng'ombe, na waliojua walinyamaza. Siti hakunyamaza. Hilo nililisoma kijana, ila sikuwahi kulisikia.

Kesho yake mama aliniuliza ninasikiliza nini kilichonikosesha chakula cha jioni. Nikachomoa visikilizio, nikaiweka simu juu ya kinu kilichopinduliwa, nikaupiga ule mpya. Mama yangu tunamwita Mayu. Kiswahili anakielewa, ingawa hakipendi sana. Alisikiliza huku akichambua karanga.

"Ngoma hiyo ya chini," akasema, "inatembea kama ya wakulima."

"Ni besi, Mayu."

"Iite unavyoiita. Huyu binti wa nani?"

Nikamweleza: kitukuu, mtoto wa mjukuu. Nikamweleza habari za Siti, vyungu, Bombay, na yule baba Mnyamwezi. Mikono yake ikasimama juu ya ungo. "Na mwenyewe? Huna sauti yake?"

Nilikuwa nayo. Siku hizi zile santuri zimesafishwa, zimo kwenye simu kama zilivyo nyimbo nyingine zote. Nikaupiga ule wa 1928. Mkwaruzo, udi, ile sauti ya juu ya mbali. Nikamtazama, nikiogopa ataona nilichokiona barazani.

Mayu hakuushughulikia mkwaruzo hata kidogo. Amepalilia miaka hamsini kwenye upepo. Kusikiliza mtu aliye mbali ndiyo kazi yake. Akainamisha kichwa. "Huyu ni ningi," akasema. "Msikilize anavyoachia neno. Haliangushi, analiachia."

Ni kweli. Baada ya kuisikia besi ya kitukuu, sikio langu lilijua mahali pa kuliweka lile la zamani. Nilisikia vituo vyake, mahali anapovuta pumzi, mahali fidla inapolipokea neno na kulijibu. Sauti ilikuwa ya juu, ndiyo, lakini ule uongozi nilioufahamu kutoka kwenye mstari wa majembe ulikuwemo, wote. Sauti niliyompa nikiwa na koroboi haikuwa ya uongo kwa kila kitu. Nilikosea urefu wake tu.

Ghala la pamba la zamani bado lipo hapa Mwandoya, ila mazao siku hizi yanapitia kwenye chama cha ushirika, AMCOS, na vijana wengi wanasikiliza nyimbo za Kisukuma zilizopigwa kwa kinanda, zinazoingizwa kwenye memori kadi siku ya mnada. Kuna kijana ana kibanda chenye kompyuta, betri na sola. Nilimpelekea nyimbo zangu, mpya na za zamani, aziingize kwenye redio ndogo ya Mayu. Akaupiga wa 1928 kujaribu, akakunja uso. "Mjomba, hii mbovu. Niifute?"

"Iache," nikamwambia. "Anza na hii nyingine, halafu urudi kwake."

Akafanya hivyo. Sijui alisikia nini, lakini hakuufuta, na nilipolipa akaniomba abaki na nakala.

Januari iliyofuata nilikuwa Mwandoya tena, kwenye palizi. Tulikuwa watatu tu. Siku hizi watu wanapulizia dawa ya magugu, na mistari mirefu ya majembe haipo. Mayu alikuwa ameitundika redio yake kwenye tawi la mgunga pembezoni mwa shamba. Ukapita wimbo wa kanisani, ukapita wa harusi, kisha ukaja ule mkwaruzo. Siti akaachia neno lake. Fidla ilipolipokea, Mayu, mgongo umeinama, jembe juu, akaitikia kwa Kisukuma, palepale bibi alipokuwa akiwaachia wao, na jembe likashuka.