Kutoka kwenye Balungi hadi kwenye Kimondo

Mbeya, Sabasaba 2019

Dada mpendwa,

Huku baridi ya Julai imetukamata sawasawa. Nakuandikia nimejitanda khanga mbili juu ya sweta na jiko la mkaa liko miguuni. Ulisema kwenye simu nikueleze safari ya jana tangu mwanzo, bila kuruka, maana unataka kuijaribu na darasa lako. Basi kaa vizuri.

Chanzo chake ni swali la mwaka jana. Darasani kwetu kuna chati ya mfumo wa Jua, unaijua aina yake: Jua limekaa pembeni kama kipande cha tikiti, na sayari nane zimepangwa mstari mmoja kama ushanga, nusura zigusane. Binti mmoja mkimya wa dawati la nyuma aliniuliza, "Mwalimu, kwa nini Dunia haigongani na Zuhura?" Nikamjibu kwamba kila sayari ina njia yake. Aliitikia kwa adabu, lakini niliona hajashiba. Angeshibaje, na macho yake yanamwonyesha kuwa zimebanana? Swali hilo lilinikosesha raha, nikaapa kwamba darasa la sita la mwaka huu litazitembea sayari kwa miguu kabla ya kuzichora.

Tuliondoka Mbeya saa 12 na nusu asubuhi kwa Coaster, watoto 28 na walimu wawili. Barabara ya Tunduma ni ileile, malori ya kwenda Zambia na Congo yamefuatana utadhani treni, na pale Senjele dereva wetu alikwenda taratibu mpaka nikamshukuru kimoyomoyo. Mbele kidogo tukaiacha lami, tukashika barabara ya vumbi kuelekea kijiji cha Ndolezi. Ni msimu wa kuchuma kahawa, mibuni imejaa buni nyekundu pande zote mbili, na kina mama wenye vikapu walitupungia mikono. Watoto waliimba hadi sauti zikawakauka.

Tulikwenda Ndolezi kwa ajili ya kimondo. Lakini kwanza tulisimama kwenye uwanja wa mpira wa shule moja ya jirani, ambayo mwalimu mkuu wake alitukubalia bila kusita na kuturuhusu tuchanganyike na watoto wake.

Sasa sikiliza vipimo, uviandike. Sentimita moja uwanjani ni kilomita 100,000 angani, kwa hiyo mita moja ni kilomita milioni 10. Kwa kipimo hicho Jua lina upana wa sentimita 14, yaani balungi. Dunia ni punje ya ulezi, na Zuhura ni punje nyingine ya ulezi, ndogo kidogo tu. Zebaki na Mirihi ni chembe za mchanga. Mshtarii ni gololi, Zohali ni njugu mawe ndogo, Uranusi na Neptuni ni mbaazi mbili.

Balungi tuliliweka katikati ya goli, juu ya mstari. Na hapa, dada, uwanja wa mpira ulinifanyia kazi ambayo sikuitarajia. Zuhura iko mita 11 kutoka kwenye Jua, na mita 11 ndiyo nukta ya penalti! Wavulana walipiga kelele kana kwamba timu yao imefunga. Zebaki ikaangukia karibu na mstari wa kile kiboksi kidogo cha golikipa. Dunia, mita 15, imo ndani ya kumi na nane, hatua moja na nusu kabla ya mstari. Mirihi imeshatoka nje, mita 23. Hakuna mtoto atakayeyasahau hayo, kwa sababu kila akitazama mpira atayaona. Nilimtafuta kwa macho yule binti wa mwaka jana, kisha nikakumbuka kuwa yuko darasa la saba na hakuja. Nitamleta uwanjani kwetu nimwonyeshe: kutoka nukta ya penalti hadi pale ilipo Dunia ni hatua nne au tano za mtoto, na vitu vyenyewe ni punje mbili za ulezi. Zitagongana vipi?

Nikuonye jambo moja. Gundisha punje zako kwenye kadi ngumu. Sisi tuliiweka Dunia juu ya jani, na wakati tunapima Mirihi sauti ikatokea nyuma, "Mwalimu, kuku kala Dunia!" Kweli alikuwa ameidonoa. Tukaweka nyingine, na mtoto mmoja akapewa kazi ya kuilinda kwa fimbo.

Baadaye nikataka waujue mwendo wa mwanga. Mwanga hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde moja, namba ambayo mtoto huikariri bila kuiona. Kwa kipimo chetu ni sentimita 3 kwa sekunde. Nilichukua rula ya sentimita 30, nikamwambia msichana mmoja ailaze chini kuanzia kwenye balungi, na kila sekunde 10 aisogeze mbele urefu wake mmoja. Mwingine alishika saa. Mwanzoni walicheka, wakaona ni mchezo wa kobe. Baada ya dakika tatu walinyamaza. Watoto zaidi ya 50 walisimama pande mbili wakiitazama rula ikisogea kwenye nyasi, na hakuna aliyewaambia wanyamaze. Iligusa Dunia baada ya dakika 8 na sekunde 20. Mvulana mmoja wa shule ile mwenyeji akageuza uso juani, akafumba macho, akasema, "Kwa hiyo hili joto liliondoka kule tulipoanza." Nikawaacha wasimame hivyo kidogo.

Mwezi tuliufanya kwa chembe ya unga wa dona, sentimita 4 kutoka kwenye Dunia, upana wa vidole viwili tu. Wakaniuliza, huo ndio umbali waliokwenda wale waliotua mwezini? Ndio huo. Julai hii inatimia miaka 50 tangu Armstrong na Aldrin watue Mwezini, tarehe 20 Julai 1969, na tangu siku hizo hakuna mwanadamu aliyekwenda mbali kuliko vidole hivyo viwili. Kisha nikawaambia wawaze jicho dogo mno pale ilipo Dunia, likitazama balungi huku chembe ya unga iko katikati. Ingelifunika! Jua ni pana kuliko Mwezi mara 400 hivi, lakini liko mbali zaidi mara 400 hivi, ndiyo maana machoni petu vinalingana. Unakumbuka Septemba mosi 2016, nilivyokusimulia Rujewa, Jua lilipobaki pete? Siku ile Mwezi ulikuwa mbali kidogo na Dunia, ukashindwa kulifunika lote. Nilisogeza chembe mbele kidogo, wakaelewa pete inavyotokea. Miaka mitatu nimeeleza pete ile kwa chaki ubaoni, na jana ilinichukua nusu dakika.

Baada ya Mirihi ikaja safari ndefu. Kati ya mita 33 na mita 48 nilimwaga vumbi kiganjani nikalipuliza: ndio ukanda wa asteroidi, mawe na vyuma vinavyolizunguka Jua, ambavyo hata ukivikusanya vyote havifikii uzito wa Mwezi wetu. Nikawaambia wapakumbuke mahali hapo, tutaparudia. Mshtarii ikakaa mita 78, kwenye nusu ya pili ya uwanja, karibu na kumi na nane ya goli lile jingine.

Na hapo ukazuka ubishi. Watoto wetu wanasema Mshtarii, wenyeji wakasema, "Hapana, hiyo ni Sumbula." Nawe unajua mimi na wewe pia tulifundishwa Sumbula, Sarateni na Kausi. Lakini Sumbula ni nyota za Mashuke, Sarateni ni Kaa, Kausi ni Mshale. Ni majina ya buruji, makundi ya nyota ambayo sayari hupita mbele yake, siyo sayari zenyewe. Babu yetu na wenzake wa falaki pale pwani wasingechanganya mambo hayo. Kwao ilikuwa Mshtarii na Zohali, basi. Inaniuma kwamba majina tuliyokuwa nayo, yaliyotumika vizazi na vizazi, tuliyavuruga wenyewe tulipoyaingiza darasani. Sikuwakemea wale watoto, kosa si lao. Niliwaeleza, wakasema wataandika yote mawili mpaka mwalimu wao aamue, na mwalimu wao alikuwa amesimama hapohapo akiandika pia.

Zohali ilitutoa nje ya uwanja, mita 143, karibu na choo cha shule. Uranusi mita 287, njia panda. Watoto walianza kuchoka, nikafurahi, maana uchovu huo nilikuwa nautafuta. Waliofika na mbaazi ya mwisho kwenye mita 450, katikati ya mashamba ya kahawa, walikuwa sita. Balungi halikuonekana tena. Nilimwacha mtoto golini apunge khanga yangu nyekundu, na tukaiona kama kidoti. Yule aliyeshika Neptuni akakaa kimya, kisha akasema, "Mwalimu, huku kuna upweke." Nikamweleza kuwa hiyo mbaazi yake huchukua miaka 165 kulizunguka Jua mara moja, iligunduliwa mwaka 1846, na ilipofika 2011 ndiyo kwanza ikamaliza mzunguko mmoja tangu tuijue. Chombo kimoja tu kimewahi kuipitia, Voyager 2, kilichorushwa mwaka 1977 kikafika pale mwaka 1989. Akauliza nyota inayofuata iko wapi. Nilikuwa nimeshapiga hesabu nyumbani: balungi jirani lingekuwa umbali wa kilomita 4,100, ukielekea kaskazini uko Misri. Akatazama kaskazini, kwenye migomba, kwa muda mrefu.

Tulikula wali maharage chini ya mti, tukaenda kwenye kimondo.

Dada, sijui nikuelezeje. Umekiona kwenye picha, lakini picha haina uzito. Ni pande jeusi-kahawia lenye urefu wa mita 3 hivi, limelala kwenye kijishimo walichochimba kulizunguka, na jukwaa la saruji chini yake. Lina uzito wa tani kumi na kadhaa, na karibu sehemu 9 kati ya 10 ni chuma tupu, nyingine nikeli. Wenyeji walilijua tangu kale; mpima ardhi mmoja ndiye aliyeliandika mwaka 1930 na habari zikaenea nje. Inasimuliwa kwamba mtaalamu wa jiolojia aliyetaka kipande cha sentimita 10 tu alikata kwa msumeno saa 10 nzima. Shimo la kuanguka kwake halipo tena. Mvua na miaka vimelifuta.

Watoto waliligusa kwa woga, wengine kwa kiganja chote, mmoja akaweka shavu. Ni baridi kuliko unavyodhani. Nikawauliza limetoka wapi. Kimya. Halafu yule mlinzi wa Dunia, wa fimbo, akasema polepole, "Pale ulipopuliza vumbi." Nikasikia mwili unasisimka. Ndiyo, chuma cha namna hii hutoka huko, ndani ya vijidunia vilivyoyeyuka zamani sana, chuma kikazama katikati, kisha vikagongana na kuvunjika. Usiku nilipiga hesabu nyingine: kwa kipimo cha uwanja wetu, pande lile lote lingekuwa na ukubwa wa atomu moja ya chuma. Atomu moja iliyotoka kwenye mita ya thelathini na kitu ikaja kuiangukia punje ya ulezi.

Tulichelewa kuondoka kwa makusudi. Saa 1 na robo usiku, hilali ikiwa magharibi, tuliitazama Mshtarii ikiwaka upande wa mashariki kuliko nyota zote. Niliazima darubini ya macho mawili kwa rafiki anayeongoza watalii. Tuliiegemeza juu ya boneti ya Coaster ili isitetemeke, na kila mtoto akapata zamu. Kando ya Mshtarii kuna vidoti vidogo vya mwanga, miezi yake ileile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Uwanjani ingekuwa ndani ya shubiri moja kutoka kwenye gololi. Wengine walirudi kwenye foleni mara tatu. Dereva naye alitazama, akazima redio, na hakuharakisha mtu.

Tulifika nyumbani saa 4 usiku, wazazi wakitusubiri na mablanketi.

Sasa kazi yako. Usiku wa Jumanne tarehe 16 Mwezi utapatwa, na ninyi huko Tanga mtaona kama sisi. Kivuli cha Dunia kitaanza kuula saa 5 usiku, saa 6 na nusu utakuwa umefunikwa zaidi ya nusu, na karibu saa 8 utakuwa mzima tena. Hauumizi macho, tofauti na Jua, kwa hiyo watoto watazame wapendavyo. Mwambie shemeji atoe mkeka uani. Na nyota tulivu yenye unjano kidogo, magharibi ya Mwezi kwa upana wa vidole vinne ukinyoosha mkono, hiyo ni Zohali. Njugu mawe ya karibu na choo cha shule. Nipigie simu muda huohuo, hata kama ni usiku wa manane, nitakuwa nje.

Mdogo wako akupendaye